Sangara wa unga na chips kando ya ziwa: nimpeleke mama wapi hapa Mwanza?

Binti_Nansio

Wakuu wa Kanda ya Ziwa, habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Naomba msaada kwa wanaoijua Mwanza ya kula, siyo ya kupita tu. Mama yangu anakuja mwezi ujao na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa ajili ya kliniki ya macho, atafikia kwangu Pasiansi. Siku moja nataka nimtoe, tukae mezani kando ya maji, ale samaki wa kukaanga na chips akiwa ametulia.

Najua mtashangaa mtu anaulizia samaki Mwanza. Ngoja nieleze. Mwaka jana nilikwenda kwa dada yangu anayeishi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, akanipeleka Whitby, mji wa wavuvi ulio kwenye Bahari ya Kaskazini. Mgahawa umeangalia bandari, boti zimefungwa chini ya madirisha, foleni imetoka hadi barabarani, wazee kwa watoto. Ukikaa unaletewa birika la chai, mkate uliopakwa siagi, chips nene, njegere za kupondwa, na pande la haddock, samaki wa baharini, ambalo halina ngozi wala mwiba. Limevikwa unga uliovimba ukakauka, ukigusa kwa uma unasikia unavyovunjika, na ndani mnofu bado una maji yake na unafuka moshi. Siki iko mezani, kila mtu anajinyunyizia kwa kadiri yake.

Kilichonishika moyo hasa ni meza ya jirani. Kulikuwa na bibi mzee sana, mikono inamtetemeka, na alimaliza sahani yake yote bila mtu kumchambulia. Nikamuwaza mama. Mama ni mzaliwa wa Ukerewe, samaki ndiye aliyemkuza, lakini tangu macho yapungue nguvu anaogopa miba. Akiwekewa sato anachovya ugali kwenye mchuzi, samaki mwenyewe anawasogezea wajukuu na kusema ameshiba. Hajashiba. Inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Nimeshajaribu sehemu moja hapa mjini ambayo sitaitaja. Samaki aliletwa amelegea, unga umenywa mafuta, unabanduka wenyewe kama plasta iliyolowa. Sitaki mama akutane na kitu cha namna hiyo.

Basi naomba kujua: kuna mahali wanakaanga minofu ya unga ikatoka vizuri? Na nimwagizie sangara au sato?

---

Mwana_Kirumba

Dada karibu. Hoteli za upande wa Capri Point zina utulivu na jioni jua linazama mbele yako, ng'ambo ya ghuba, upande wa Kamanga. Kwa mzee ni pazuri, kuna viti vya kuegemea na choo kiko karibu. Kwenye menyu usitafute jina refu, omba "fish finger", ndiyo minofu ya sangara iliyokatwa vipande virefu ikavikwa unga au chenga za mkate. Mwambie mhudumu kabisa kwamba unataka ikaangwe ukiwa umekaa, utasubiri.

Jumapili jioni usiende. Muziki unakuwa mkubwa, na mzee aliyetoka kisiwani ataumwa kichwa kabla ya sahani kufika.

---

Mama_Mwalo_Igombe

Mwanangu Binti_Nansio, marahaba. Hapo pa mama kusema ameshiba na hajashiba nimekuelewa mpaka ndani. Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo.

Mimi nakaanga samaki Igombe, hapa hapa mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki, na kazi hii imenisomeshea watoto. Nakujibu kama mtu wa jikoni.

Kwanza, achana na sato kwa jambo hili. Sato nampenda, lakini utamu wake uko kwenye ngozi, kichwa na ule mnofu wa kwenye mbavu. Sato anatakiwa mzima, akatwe mistari ubavuni, chumvi na ndimu, aingie kwenye mafuta aive hivyo. Ukimvua ngozi ukamvika unga umemnyang'anya kila kitu chake, na miba midogo bado itakuwa imejificha mle.

Wa unga ni sangara. Mnofu wake ni mweupe, mzito, ukiiva unaachana kwa vipande vipana, na yeye mwenyewe ana mafuta kwa hiyo hakauki upesi. Mifupa yake ni mikubwa, ukipitisha kisu vizuri yote inabaki kwenye uti wa mgongo. Inabaki sehemu moja tu ya kuangalia: mwanzo wa mnofu, upande wa kichwani, katikati, kuna mstari mfupi wa miba. Unapitisha kidole kuanzia kichwani kuelekea mkiani, utaihisi inachoma. Hapo unakata ukanda mwembamba kama herufi V na kuutoa wote. Sehemu hiyo iruke na mama yako utamkosa tena kwenye samaki. Ndiyo maana nasema umwone mkaangaji kwanza, umuulize kama anaijua. Anayeijua atakuonyesha kwa kidole kabla hujamaliza swali.

Na hapa niseme jambo ambalo limenikaa muda mrefu. Watu wengi wa huku hawajui kwamba sangara anaweza kuliwa kwa heshima hiyo unayoisema ya Whitby, na si kosa lao. Tangu viwanda vya minofu vianze Mwanza, miaka ya 90 mwanzoni, mnofu ulipanda ndege. Sisi tuliokaa mwaloni tuliletewa mapanki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu, tukakaanga hayo na watoto wakakua kwayo. Mapanki yana utamu wake na bado nayauza. Lakini mtu kuzaliwa kando ya ziwa hili na kumjua sangara kwa mifupa yake tu, hapana, halijawahi kukaa sawa moyoni mwangu. Kwa hiyo anapokuja mtu kuniambia nataka mnofu mzima, mzuri, kwa ajili ya mama yangu, naacha kazi nyingine zote.

Samaki wenyewe. Mitumbwi ya sangara inaingia asubuhi. Chagua wa kilo 2 au 3, wakubwa sana wana mafuta mengi tumboni na mnofu wao unakuwa na nyuzi. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Fungua matamvua, yawe mekundu. Bonyeza mgongoni kwa kidole gumba: shimo likirudi upesi, nunua; likibaki, mwachie mwenyewe. Ujue pia kwamba zaidi ya nusu ya uzito unaolipia ni kichwa, mifupa na ngozi, lakini hivyo beba nyumbani, supu yake ya kesho mama ataifurahia, wewe uchuje tu.

Sasa kuhusu ule unga uliobanduka. Naona makosa mawili pale. Samaki alivikwa akiwa na maji, na baada ya kukaangwa akafunikwa kwenye hotpoti. Mvuke ukikosa pa kutokea unarudi kwenye unga. Hata ungekuwa umekaangwa na malaika utalegea.

Mimi nafanya hivi. Mnofu naukata unene wa vidole viwili. Chumvi. Ndimu naipitisha tu, siloweki, kwa sababu ndimu ikikaa inaivisha mnofu na kuutoa maji. Naufuta kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kibaki kikavu, kisha naupaka unga wa ngano mkavu na kuukung'uta. Uji wa kuvika ni unga wa ngano, chumvi, baking powder kidogo na soda ile nyeupe isiyo na sukari, itoke kwenye barafu. Baridi ndiyo siri. Usikoroge sana, vidonge vidogo viache vilivyo, ukikoroga mno unga unavutika na kuwa mgumu kama wa chapati.

Mafuta yawe mengi, samaki aelee. Mimi natumia ya pamba, pamba ni zao letu Wasukuma na mafuta yake yanavumilia moto bila kuweka harufu yake kwenye samaki. Dondosha tone la uji: likizama na kupanda papo hapo, moto umefika. Shika mnofu kwa ncha, uteremshe polepole ukiuburuza juu ya mafuta kabla ya kuuachia, usije ukaangukia chini na kugandia kwenye karai. Halafu sikiliza. Mwanzo unapiga kelele, ni maji yanatoka. Kelele ikipungua ikawa nyembamba, samaki yuko tayari hata kabla hujamtazama rangi. Mweke kwenye wavu wa chuma hewa ipite chini, apelekwe mezani.

Chips: viazi vya Njombe au Mbeya, vikavu, siyo vile vya maji. Kata vinene. Vikaange mara mbili, mara ya kwanza moto wa wastani mpaka vilainike ndani, vipumzike, mara ya pili moto mkali vipate ganda. Wauza chips wengi wa mjini wanafanya hiyo ya kwanza wakavirundika kwenye kabati la kioo. Hakuna ubaya, mradi ile ya pili wasiwe na haraka nayo.

Kwangu meza ni za mbao na viti vya plastiki, sikufichi. Lakini maji yako hapo, hatua chache. Ukija njoo siku ya kazi, saa tisa alasiri. Upepo wa saa hizo unatoka ziwani, unapeleka moshi wa jiko nyuma, mama anapata hewa. Na mle mmalize kabla taa hazijawashwa, kwa sababu wale wadudu wadogo wa ziwani wakivuma jioni wanakimbilia taa na kuanguka kwenye sahani.

---

Mzee_Raskazone

Mimi ni mtu wa Tanga na kwetu samaki ni changu na nguru, hilo sitalijadili. Ila nilisoma Hull miaka ya 80, nami nimekula hicho chakula cha Waingereza baridi ikinikata masikio, basi niongeze kidogo.

Hull ulikuwa mji mkubwa wa meli za uvuvi wa mbali. Nilipofika, bandari ya samaki ilikuwa imeshapoa. Walikuwa wakivua cod, samaki wa bahari ya baridi, kwenye maji ya Iceland, Iceland ikasogeza mpaka wake hadi maili 200, mwaka 1976 Waingereza wakakubali kuondoka. Wazee wa pale walikuwa bado wanalisimulia kwa uchungu. Mpaka leo cod na haddock wengi wanaoliwa kwenye migahawa yao ya pwani wanatoka mbali, Iceland, Norway na huko. Mtu anakaa akitazama bahari, samaki aliye kwenye sahani kasafiri.

Binti, mama yako atamla aliyetoka kwenye maji anayoyaona. Nawaonea wivu.

Jingine, huko Yorkshire wengi wanakaangia mafuta ya ng'ombe, ndiyo yanayotoa ile ladha uliyoisikia. Kusini mwa nchi wanatumia ya mimea zaidi. Ladha ile hasa hutaipata kwa mafuta ya pamba. Utapata nyingine. Na enzi hizo bado uliweza kukuta wanafunga kwenye gazeti, kama mihogo ya kukaanga ya kwetu.

---

Binti_Nansio

Shikamoo Mama Mwalo. Nimesoma jibu lako kwa sauti, mume wangu akaniambia nisome tena. Mzee Raskazone, asante sana, hilo la samaki kusafiri sikulijua kabisa, na pale dirishani niliamini kabisa anatoka kwenye boti zile zile.

Mwana_Kirumba usinielewe vibaya, Capri Point nitampeleka siku nyingine kunywa chai tu. Moyo umeshakwenda Igombe.

Maswali madogo. Njegere zile za kupondwa, inawezekana? Mama anapenda kitu laini pembeni. Na siki niibebe, au hapo ipo?

---

Mama_Mwalo_Igombe

Marahaba mwanangu.

Njegere inawezekana. Nunua zile kavu, ziloweke usiku kucha na baking soda kijiko kidogo, asubuhi zimwage maji, zichemshe taratibu mpaka zipasuke zenyewe. Chumvi weka mwisho. Mimi nitatia kitunguu na nazi kidogo. Waingereza hawatii nazi, lakini mama yako si Mwingereza.

Siki ipo, ila nitaweka na ndimu na kachumbari. Akionja siki asipoipenda, tusimlazimishe mtu mzima.

---

Nyegezi_Chuoni

Samahanini wakubwa, niingilie kidogo, nasomea uvuvi. Mama Mwalo kataja kilo 2 au 3 na hapo yuko salama, ila Binti_Nansio ukienda sokoni Kirumba mwenyewe utakutana na watu wanauza sangara wadogo kwa bei ya kuvutia, wamewekwa chini ya ndoo. Sheria inasema sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, na sato chini ya 25. Beba hata futi ya fundi cherehani. Sangara wa sentimita 30 au 40 bado hajazaa hata mara moja, na mnofu wake ni mwembamba, ukiuvika unga unakula unga mtupu.

Hili linanihusu kwa sababu sangara hakuwemo ziwani tangu mwanzo, aliletwa miaka ya 50 upande wa Uganda, akala furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, hadi aina nyingi zikapotea. Ziwa limeshalipa gharama kubwa kwa ajili yake. Sasa yupo, maelfu ya familia wanamtegemea, na tukimmaliza naye akiwa mtoto sijui tutawaambia nini wadogo zetu.

---

Mama_Mwalo_Igombe

Mwanangu wa chuoni umesema kweli tupu, na waambieni pia wenye makokoro, zile nyavu za kuburuta, siyo sisi wakaangaji tu. Ukileta samaki mdogo kwenye karai langu simkaangi, na hapa mwaloni wanalijua hilo.

Binti, nitajie siku mapema ili nimwambie mvuvi wangu aniwekee mmoja mzuri, asiuzwe kwa wenye gari la barafu. Wao wanafika alfajiri na wanalipa haraka, ukichelewa kusema unabaki na wa jana. Na uje naye kwa gari, usimpandishe daladala, barabara ya kushukia mwaloni ina mawe na yeye haoni vizuri. Nitamtafutia kiti chenye mikono.

Mama anatumia pilipili?

---

Binti_Nansio

Anatumia mama, tena ile ndogo kali, mbichi. Alhamisi ya wiki ya pili, kliniki yake ni Jumatano kwa hiyo atakuwa ameshapumzika. Tutakuwa watu wanne pamoja na mjukuu wake anayemchambulia samaki nyumbani, na huyo safari hii naye atakula chake.

---

Mwana_Kirumba

Watu watano. Nami nakuja, nitajilipia.